Sahani ya Nyuma ya Pazia

Majirani wa mtaa wa Pasiansi, mjini Mwanza, hawakuwa wamewahi kumwona mwanamume akimenya vitunguu saumu siku ya Jumapili, na walihakikisha hawapitwi. Mmoja alikuja kuomba chumvi. Mwingine alikuja kurudisha ungo ambao hakuna aliyemwazima. Wote walichungulia jikoni kwa Tereza Mayala, wakamkuta Osward Ishengoma, fundi wa mitambo ya barafu wa kiwanda cha samaki, mtu wa miraba minne, amejifunga kanga ya maua kiunoni, anakata karoti vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Walirudi makwao mbio, maana habari ya namna hiyo haikai tumboni.

"Unaniaibisha," Tereza alimwambia. Macho yake hayakusema hivyo.

"Aibu iko wapi? Nisubiri majirani waniruhusu kupika?"

"Mama yuko barazani, Osward. Anakuona."

"Ndivyo ninavyotaka. Anione."

Mama yake Tereza, Bernadeta, ambaye Magu nzima ilimwita Mama Mhoja, alikuwa ameketi nje na kitenge chake cha kanisani, ameligeukia ziwa, rozari mkononi. Alifika Ijumaa kuja kutoa jibu. Kwa miezi mitatu wazee wa Osward kule Muleba walikuwa wanasubiri kuambiwa kama wapande meli waje kuposa au wakae makwao. Baba yake Tereza alikuwa marehemu. Baba yake mdogo, Mzee Chenge, alishasema hana kinyongo. Lilibaki neno la mama peke yake, na tangu Ijumaa mama alikuwa amezungumza habari za pamba, za mvua, na za ng'ombe aliyezaa mapacha. La Osward hakuligusa.

Osward aliwasha jiko la mafuta ya taa pembeni ya jiko la mkaa, akaweka kikaango. Alikaanga karoti, akazitoa zingali ngumu kidogo, akazimwaga kwenye sinia. Akapangusa kikaango, akaanza upya na pilipili hoho.

"Si uvitie vyote pamoja tumalize?" Tereza aliuliza. "Mkaa utaisha."

"Yule mama mwenye nyumba wangu kule Pusan, Korea, angenichapa mwiko. Karoti peke yake, hoho peke yake, uyoga peke yake. Mchicha unachovywa tu kwenye maji ya moto, unakamuliwa. Nyama peke yake. Kila kimoja kinaiva kwa wakati wake, halafu ndiyo vinakutanishwa."

"Kazi yote hiyo kwa sababu ya tambi!"

"Kule hawaipiki kila siku, Tereza. Ni chakula cha harusi."

Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye kikaango. Tereza naye aliinamia mchicha, akaukamua mpaka ukabaki kitonge kidogo kisicho na tone la maji. Walikuwa wamejuana miaka mitatu, yeye akipima sangara pale mapokezi ya kiwanda, Osward akipita na bisibisi zake mfukoni akisingizia kwamba mzani unahitaji kuangaliwa. Mzani ule haukuwahi kuharibika. Hata kiwanda kilipompeleka Korea miezi tisa kujifunza mitambo mipya, mwaka wa tisini na tatu, barua zake zilikuja kila baada ya wiki mbili, na Tereza alizilaza chini ya mto. Alirudi amekonda, na begi limejaa pakiti za tambi kavu za rangi ya kijivu, chupa ya mchuzi wa soya na chupa ndogo ya mafuta ya ufuta. Alizitunza mwaka mzima. Alisema zina siku yake.

Sufuria ilipochemka alizitia. Zilikuwa ngumu kama waya wa wigo, lakini dakika chache baadaye zililegea zikawa laini, zinang'aa, na ukizitazama unaona mpaka upande wa pili.

"Ni nini hicho?"

Mama Mhoja alikuwa amesimama mlangoni.

"Japche, mama," Osward alijibu, akanyoosha mgongo. "Hizi tambi ni za viazi vitamu. Wanachuja wanga wake, wanakanda, wanavuta nyuzi, wanakausha."

"Viazi vitamu? Hivi vyetu?"

"Hivi hivi, mama."

Mama Mhoja alichukua uzi mmoja kwa ncha za vidole, akauinua kwenye mwanga wa mlango, akauvuta. Haukukatika. "Sisi tunavikata michembe tunaanika juu ya mawe," alisema. "Kumbe wenzetu wanavisuka nywele."

Osward alicheka kwa sauti. Pembe ya mdomo wa mama nayo ilisogea, kidogo sana, lakini Tereza aliiona. Mama alimtazama Osward usoni kwa muda, tena bila haraka yoyote, kisha akarudi barazani.

"Umeona?" Osward alinong'ona. "Amecheka."

"Hajacheka."

"Alitaka."

Kwa Tereza, mpaka jibu litolewe Osward alikuwa mgeni kama wageni wengine, na mama anaweza kucheka na mgeni. Alichokuwa anakingoja yeye kilikuwa kingine, na hicho hakumwambia Osward.

Katika nyumba ya kina Mayala, mama hali mbele ya mkwe wake. Mwanamume akishakuwa mume wa bintiye, au akishakubaliwa kuwa, mama huyo hakai naye meza moja, hamtafunii machoni. Akiletewa chakula cha mkwe hukichukua akaenda kukila mahali pa faragha, amejifunika kanga. Hiyo ndiyo heshima, na kwa watu wa umri wa mama yake heshima hiyo ilisema mengi kuliko hotuba. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya misa, Tereza alikuwa ametundika pazia kati ya sebule na kijichumba cha stoo, akaweka kigoda nyuma yake na kitambaa safi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama akienda kukaa pale, amekubali. Hangehitaji kusema neno.

Angeweza kumwambia Osward. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga. Osward alikulia shule za misheni, kwao mkwe huheshimiwa kwa taratibu nyingine, na kama angejua angetoka nje mapema kumrahisishia mama. Tereza hakutaka mama arahisishiwe. Alitaka ampe jibu la moyoni.

Osward alizikata tambi kwa mkasi wa kushonea uliooshwa vizuri, akazikorogea mchuzi wa soya, sukari kidogo, mafuta ya ufuta, akamwaga juu yake ile sinia yote, rangi ya machungwa, ya kijani, nyekundu, nyeusi ya uyoga. Alichanganya kwa mikono. Harufu ya ufuta ikajaa nyumba nzima, na yule jirani wa chumvi akakohoa huko ukutani.

Tereza alipakua sahani tatu. Mbili aliziweka mezani. Ya tatu, iliyojaa kuliko zote, aliibeba nyuma ya pazia, akaifunika.

"Karibu chakula, mama," aliita.

Mama Mhoja aliingia, akanawa. Aliitazama meza, akazitazama zile sahani mbili. Kisha akalitazama pazia. Upande mmoja halikufika chini na mguu wa kigoda ulionekana. Alisimama hapo, maji yakimdondoka vidoleni, na Tereza akamwomba Mungu na Bikira Maria na marehemu baba yake kwa pamoja.

Mama akavuta kiti, akaketi mezani akitazamana na Osward.

"Tereza," alisema taratibu, "niletee sahani yangu hapa."

Uso wa Osward ulichanua. Hakusubiri Tereza; alikwenda mwenyewe nyuma ya pazia, akarudi na sahani, akaiweka mbele ya mama kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Karibu sana. Uma huu hapa. Au ule kwa mkono, hakuna shida."

Mama alisali, akala. Alikula vizuri, bila kubagua, akitafuna polepole na kumtazama kijana aliyekaa mbele yake. Alimwuliza kuhusu Korea, kama kuna ng'ombe, kama wanazika watu wao ardhini. Osward alijibu yote, akaeleza theluji, akaeleza yule mama mwenye nyumba aliyempikia chakula hiki siku ya kuondoka na kulia machozi. Tereza alishika uma wake kama mtu asiyejua kazi yake. Kila tonge lililoingia kinywani mwa mama yake lilimchoma yeye.

"Mama, nikuongeze?" Osward aliuliza.

"Niongeze, mwanangu."

Mwanangu. Tereza alisimama, akasingizia maji, akatoka uani.

Alipozisikia hatua za mama nyuma yake alikuwa ameegemea mwamba mkubwa unaopakana na jiko, amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Umekula, mama."

"Nimekula. Kitamu."

"Umekula mbele yake!"

"Nimekula na mgeni wangu. Kuna ubaya?"

"Kigoda ulikiona?"

"Nilikiona. Na pazia nililiona, na kitambaa ulichofua." Sauti ya mama ilikuwa ya chini, haina hasira. "Umefanya vizuri. Mimi nilimwekea hivyo hivyo bibi yako, alipokuja kumpokea baba yako."

"Basi kosa lake ni nini? Kwamba ni Mhaya? Kwamba ametoka upande ule ule aliotoka mume wa Mhoja?"

Habari ile haikutajwa ovyo katika familia yao. Mhoja alikuwa kifungua mimba. Aliolewa ng'ambo ya ziwa mwaka wa themanini na tano na mfanyabiashara wa kahawa, na miaka mitano baadaye alirudi Magu kufa kwa ugonjwa ule ambao siku zile watu waliutaja kwa kuinamisha kichwa. Mumewe alimfuata baada ya miezi minne.

Mama aliketi juu ya kinu.

"Simlaumu yule kijana," alisema. "Naye alikufa, Mungu amrehemu. Sikiliza. Alipokuja kwangu mara ya kwanza alileta samaki waliookwa kwenye majani ya migomba. Nilikwenda kuwala nyuma ya ghala la mtama, nimejifunika, nafurahi peke yangu. Miaka mitano nilimpisha. Akiingia mlango wa mbele, natoka wa nyuma. Sikumtazama usoni hata mara moja, Tereza. Hata mara moja. Nilimheshimu hivyo. Siku aliyomleta dada yako amemfunga blanketi, mwepesi, nilimpokea mikononi kama nilivyompokea alipozaliwa, ndiyo siku nilimwona uso yule mwanamume. Uso ulikuwa umeshakwisha siku nyingi. Ningemtazama mapema ningejua. Ningemrudisha mwanangu nyumbani."

"Mama, hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua. Mama anajua."

"Osward alipimwa. Asingepewa safari bila kupimwa. Na mimi nimepimwa, tulikwenda wote wawili, karatasi ziko kabatini, nikuletee?"

"Sikatai karatasi."

"Siku tatu umemtazama. Umeona nini usoni kwake?"

"Nimeona kijana mwema," mama alisema. "Ndiyo maana nimemwita mwanangu. Awe mwanangu, aje Magu anapotaka, nitampikia mimi. Lakini mkwe, hapana. Sitageuza uso tena mbele ya mwanamume anayemchukua mtoto wangu. Sina mwingine wa kubaki naye." Alisimama, akajikung'uta kitenge. "Gari la Magu linaondoka saa tisa. Nisindikize."

Osward alikuwa sebuleni anaimba chinichini huku akikusanya sahani.

"Sahani mbili, Tereza! Amekula sahani mbili! Nikuambie, nilikuwa na hofu, usiku kucha sijalala. Leo hii naandika barua Muleba."

"Usiandike."

Alimweleza akiwa amesimama, maneno machache, macho sakafuni. Alimweleza kigoda, pazia, na sababu yake. Alimweleza Mhoja, ingawa Osward aliijua habari hiyo; hakujua tu habari ya uso. Osward alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika sahani ya mama, iliyokombwa.

"Kwa hiyo aliposema nimwongeze..."

"Alikuwa anakuaga."

Aliiweka sahani chini. Alifungua ile kanga kiunoni, akaikunja mara mbili, mara nne, akaiweka juu ya kiti. Tereza hakuwahi kuona uso wake ukiwa hivyo. Alitaka kuushika, akashindwa kunyanyua mkono.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka akujibu kwa moyo wake. Nisamehe."

"Amejibu kwa moyo wake. Sina la kusamehe." Aliinyoosha ile kanga juu ya kiti. "Na mkwe wa kiume je? Mama anajificha kula. Kijana kwenu anafanya nini?"

"Inasaidia nini sasa?"

"Niambie tu."

"Anapisha," Tereza alisema, machozi yakimtoka bila kizuizi. "Akikutana na mama mkwe njiani anatoka njiani, anachuchumaa, anageuza uso mpaka apite. Hamtazami. Hamsemeshi. Ndiyo hivyo tu."

Osward aliitikia kwa kichwa. Akatoka kwa mlango wa uani bila kuaga, na Tereza akasikia viatu vyake vikishuka mawe, vikapotea. Nilimchelewesha miaka mitatu, aliwaza, na leo nimempa aibu ya kumaliza.

Saa nane ilipopita waliondoka, mama mbele na mkoba wake, Tereza nyuma na kikapu. Njia ya kushukia barabarani ni moja tu, nyembamba, inapita katikati ya miamba. Walipokata kona ya kwanza mama alisimama ghafla, Tereza akamgonga mgongoni.

Osward alikuwa pale. Alikuwa ametoka njiani hatua tatu, amechuchumaa ameukabili mwamba, mgongo wake umewageukia wao, mikono juu ya magoti. Shati lake jeupe la misa lilikuwa limelowa jasho. Jua lilikuwa kali, na mawe ya pale saa nane hayakaliki. Juu kidogo, jirani wa chumvi na jirani wa ungo walikuwa wamesimama wakitazama bila hata kujificha.

"Mwambie ainuke," mama alisema.

"Siwezi, mama."

"Mwambie nimeshajibu."

"Nimemwambia. Anajua jibu lako. Hilo ni la kwake yeye."

"Atakaa hivyo mpaka lini? Kila nikija Mwanza atakuwa ananikalia kwenye mawe, na mimi nimemkataa?"

"Sijui. Mwulize mwenyewe."

Mama alifungua mdomo kumwita, akaufunga. Tereza aliona mkono wa kuume wa mama yake ukipanda taratibu kwenye kanga iliyokuwa begani, ukaishika, ukaivuta mpaka sikioni, kisha ukasimama hapo hapo, kama umeshtukia ulichokuwa unakifanya. Osward hakugeuka. Alisikia kila kitu, lakini hakugeuka.

Mtu mmoja aliyekuwa anapanda na baiskeli mkononi aliona, akaelewa, akarudi nyuma alikotoka.

Mama Mhoja akaimalizia ile kanga. Aliivuta ikafunika kichwa, ikafunika na uso wote upande wa Osward. Kisha akaiacha njia, akazungukia upande wa pili wa miamba, kwenye miba na vichaka, mahali ambapo mama wa umri wake hana sababu nyingine ya kupita, akawa anashuka kwa shida akishikilia mawe. Tereza alimfuata. Hawakusemezana mpaka walipofika barabarani.

Mama alijifunua. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipangusa vumbi miguuni, akachomoa mwiba kwenye kitenge.

"Nimemtazama siku tatu," alisema. "Inatosha."

"Mama..."

"Usinililie barabarani. Kile chakula kimebaki?"

"Kimebaki. Nusu sufuria."

"Nenda ukanifungie. Nitakula nyumbani kwangu, nimefunga mlango."

Tereza alikitua kikapu miguuni pa mama yake, akavua viatu, akaanza kupanda mlima mbio.